Taya la Bosi, na Langu Pia

Jumatatu, 3 Juni
Sijawahi kumwambia mtu hili: nataka kuwa daktari wa meno ya mbwa. Darasani nikiulizwa husema mwalimu, wasije wakanicheka. Sasa ona. Bosi, mbwa wetu wa miezi mitano, hali vizuri. Alipokuwa mdogo geti lilimbana taya, likaunga vibaya. Jino lake la utotoni limegoma kung'oka, na la ukubwani limeota kwa ndani, linamchoma kaakaa kila akifunga mdomo. Daktari wa mifugo anasema Ijumaa atamlaza kwa dawa ya usingizi, ang'oe lile la utotoni. Je, asipoamka? Nimeuliza. Baba akasema Daktari anajua kazi yake, na nimpishe aone taarifa ya habari. Taarifa ya habari!

Jumanne, 4 Juni
Nimepata! Kitabu cha maktaba kinasema jino lililoingia ndani huweza kusukumwa nje mbwa akitafuna mpira wa kiasi chake. (Ukurasa unaofuata umechanwa. Watu hawana adabu.) Mpira ukifanya kazi, Ijumaa hakuna sindano. Nikampa Bosi mpira. Akaunusa, akaenda kulala juu ya kiatu changu. Dada, ambaye tangu amalize shule anajiona waziri, akauliza kama mgonjwa wa Profesa ameridhia matibabu. Sikumjibu. Nilimjibu baadaye, chumbani, peke yangu, vikali sana.

Jumatano, 5 Juni
Kosa si la Bosi. Hakuna aliyemwonyesha! Nikapiga magoti uani, nikauma mpira, nikatambaa mbele yake. Akavutiwa. Mama akachungulia kutoka jikoni, akarudi ndani. Nikauma zaidi, uingie vizuri. Ukaingia. Haukutoka.

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba huu si mzaha. Akasifu mwandiko. Zahanatini, muuguzi aliutoa mpira, akanirudishia taya mahali pake kwa vidole gumba, kisha akauliza niko darasa la ngapi. Nilipomwambia, akamtazama Mama kwa huruma. Mama! Taya ni la nani?

Alhamisi, 6 Juni
Nimefungwa bandeji kuanzia kidevuni hadi utosini. Nakunywa uji. Bosi naye anakunywa uji. Tunatazamana. Leo amepiga mwayo, akalia. Mimi pia nililia kidogo, lakini uji ulikuwa wa moto.

Ijumaa, 7 Juni
Wamemchukua. Nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha Daktari, na Dada akanishika mkono bila kuniita Profesa, jambo lililonitisha zaidi. Halafu nikasikia kucha sakafuni. Bosi! Anayumba kama mlevi, lakini ameamka! Daktari akasema jino limetoka na mzizi wote. Kidonda kikipona, mpira unaweza kulisaidia la ukubwani kukaa sawa. Mpira! Nikawatazama wote, mmoja mmoja. Daktari akaongeza kwamba ule wangu ulikuwa mkubwa mno, hata kwa mbwa. Hilo la mwisho halikuhitajika.

Jumamosi, 8 Juni
Bosi amemaliza bakuli, akaramba na sakafu. Hakuna aliyeniomba radhi. Mchana jirani yetu, fundi cherehani, akalalamika kwamba paka wake anachechemea na hataki kufungwa mguu. Nikamwambia asihangaike, paka hajaonyeshwa tu. Kisha nikajifunga mguu kwa mbao mbili na kamba, nikapanda juu ya ukuta wake, paka anione vizuri.