Gari la Mama Mkwe Halitapata Mafua

Jumapili, tarehe 11 Januari

Baridi ya kuua. Mama mkwe ametuita wote kwake: mimi na mke wangu, na mwanyumba wangu na mke wake. Mwanyumba ni yule bwana aliyemwoa mdogo wa mke wangu, mtu ninayelazimika kumpenda. Mimi humwita Bwana Taratibu. Hata kikombe cha chai hukishusha mezani kana kwamba kuna mtoto amelala ndani yake. Ananichefua.

Mama mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu. Akatangaza kwamba macho yamechoka, haendeshi tena, na gari lake atampa mkwe mmoja. Gari lenyewe ni haibridi. Lina injini ya petroli na mota ya umeme, na likipata dereva mwenye akili linanusa tu mafuta. Ila wakati wa baridi linakula zaidi, akasema, kwa hiyo baridi hii ndiyo mtihani. Taratibu atakuwa nalo Jumatatu mpaka Jumatano. Mimi Alhamisi mpaka Jumamosi. Safari ni zilezile, alizozipanga yeye. Kila mmoja aanze na tangi lililojaa, na mwisho ajaze tena kwenye pampu ileile. Tangi litakalomeza kidogo ndilo litakaloshinda.

Lazima nishinde! Mimi ni fundi wa mapazia. Kigari changu cha kazi kilikufa mwezi uliopita, na tangu hapo nabeba fimbo za mapazia begani ndani ya basi. Juzi nimemchoma abiria sikioni. Kuna zahanati kubwa inataka mapazia ya wodi zote, na wameniambia wazi kwamba fundi asiye na usafiri asijisumbue. Kazi hiyo ikinipita, nafunga duka. Taratibu yeye anafanya kazi ofisini, na ofisi yenyewe anaiona kutoka kitandani. Gari la nini?

Mke wangu amenishauri niendeshe vizuri tu. Vizuri! Kana kwamba nilikuwa nimepanga kuendesha vibaya.

Jumatatu, tarehe 12 Januari

Nimempeleleza. Nilijificha nyuma ya kibanda cha magazeti nikiwa na fimbo zangu za mapazia, kwa hiyo sikujificha sana. Akanipungia mkono. Mshenzi.

Nilichokiona kinachekesha. Alikwangua barafu kwenye kioo, akawasha gari, akaondoka papo hapo. Hata hakuliacha lipate moto! Akaondoka polepole, anakanyaga mafuta kama mtu anayekanyaga mayai. Taa nyekundu ikiwa bado iko mbali kabisa, yeye tayari ameondoa mguu, analiacha gari litambae lenyewe. Kisha akaenda sokoni, duka la dawa, shuleni kwa watoto na benki, vyote kwa mzunguko mmoja bila kurudi nyumbani, kama tarishi. Nimecheka mpaka meno yameniuma kwa baridi.

Jumatano, tarehe 14 Januari

Sicheki tena. Kwenye pampu tangi lake limemeza kidogo mno, hata mhudumu akauliza kama gari lilikuwa limeegeshwa tu siku zote tatu. Mama mkwe akatabasamu. Mwaka wa tisa huu nimemwoa binti yake na sijawahi kuliona tabasamu lile!

Taratibu akanifuata pembeni eti anipe siri. Akasema injini baridi ndiyo mlafi, kwa hiyo ikishapata moto usiiache ipoe, unganisha safari. Akasema usiiache ingurume bure asubuhi. Akasema breki uziguse mapema na kwa upole, mota irudishe umeme kwenye betri. Na abiria wavae makoti, uwashe joto la kwenye viti, hita uiweke chini, lakini usiwagandishe watu.

Nikamshukuru kwa meno. Mpinzani akikupa ushauri wa bure, kuna namna. Nitafanya kinyume cha kila neno.

Alhamisi, tarehe 15 Januari

Zamu yangu! Nina mkakati. Kazi yangu imenifundisha jambo moja: adui wa nyumba ni upepo unaopenya. Ziba upenyo, nyumba inapata joto. Na gari ni nini kama si nyumba yenye magurudumu? Nimelishonea blanketi lake zuri, kitambaa tabaka mbili, sufi katikati, kingo zimepindwa kwa mkono.

Asubuhi nikawasha injini ipate moto kwa raha zake huku nakunywa chai. Vikombe viwili. Mke wangu akachungulia dirishani, akasema gari nalo linakunywa. Nikamwambia asinivunje moyo.

Nikaenda sokoni. Nikarudi nyumbani, nikalifunika gari blanketi lipumzike. Nikaenda duka la dawa. Nikarudi, nikalifunika. Shuleni, vivyo hivyo. Na kila nikilifunua, injini imepoa! Inaanza kunguruma upya kama mtu aliyekatizwa usingizi. Nimelipiga teke gurudumu na nimeumia kidole.

Kwenye dashibodi kuna kioo kidogo kinachoonyesha jinsi mafuta yanavyoliwa. Nimekibandika kitambaa. Kinanitia presha bure.

Ijumaa, tarehe 16 Januari

Nimemshika mwizi! Nilikuwa nimesimama kwenye taa, gari kimya, linatumia umeme mtupu. Mke wangu akawasha hita. Injini hiyooo, ikawaka. Joto la hita linatoka kwenye injini! Kumbe kila anayetaka kupashwa miguu ananichomea petroli yangu. Nimeipiga hita marufuku. Na joto la kwenye viti pia, maana viti vilivyonyamaza siviamini.

Badala yake nikachemsha maji na kujaza chupa za kupakata, moja ya tumboni, moja ya miguuni, moja ya mgongoni. Zikipoa nachemsha mengine. Saa sita mtungi wa gesi ukaisha na chakula kingali kibichi jikoni. Mke wangu akasema kwamba mafuta sijaokoa, nimeyahamishia jikoni. Nikamjibu kwamba mama yake hapimi jiko, anapima tangi. Tukala mkate mkavu, kila mtu akitazama upande wake.

Hasira zilinituma nikakague upenyo wote wa gari. Na nikaupata! Pembeni mwa kiti cha nyuma kuna matundu, na yanavuta hewa. Yanaipeleka moja kwa moja kwenye betri kubwa. Betri, roho ya gari, inapulizwa na baridi kama yatima! Waliounda gari hili hawajawahi kushona hata pazia la choo. Nilikuwa na mahameli nyekundu, nene, iliyobaki kwenye kazi ya ukumbi. Nikaisokomeza humo mpaka mwisho. Sasa hapapiti hata kiroboto.

Kesho mama mkwe mwenyewe anapanda, nimpeleke kwa rafiki yake kule juu mlimani. Ataona.

Jumamosi, tarehe 17 Januari

Kalamu imetoboa karatasi. Si baridi. Ni hasira.

Mama mkwe alikaa mbele, mke wangu nyuma. Mama akauliza hita imeharibika lini. Nikampa chupa ya maji ya moto. Sawa, yalikuwa vuguvugu, gesi hakuna. Akaipakata, na mimi nikadhani tumeelewana.

Halafu akaanza hadithi. Ile ya mkaguzi wa elimu aliyejifungia stoo. Hadithi ni ndefu, na kila sentensi inatoka na mvuke. Kioo cha mbele kikawa cheupe. Sioni barabara! Dawa ya ukungu ni hita, na hita ni petroli. Nifanyeje? Nikamwomba kwa heshima zote apumzike kidogo kuongea. Akaendelea. Nikamwomba basi apumue kwa pua. Kioo kikazidi kuwa cheupe. Ndipo, Mungu anisamehe, nikapendekeza tupumue kwa zamu.

Mke wangu akanifinya kutoka nyuma. Mama mkwe akanyamaza. Kioo kikaanza kuonekana, nikasema ahsante, mnaona inawezekana?

Mlimani likatokea la kutokea. Taa nyekundu kwenye dashibodi. Nguvu zikaisha. Mota ya umeme haipo, imesusa, na injini peke yake inapiga kelele kama inachinjwa. Mama mkwe akasema nisimame. Nikamweleza kwamba ukisimama mlimani, kuondoka tena kunakula mafuta. Akasema tena, nisimame. Yule ni mwanamke aliyekuwa ananyamazisha shule nzima kwa jicho moja. Nikasimama.

Akashuka. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akashindwa kufunga vifungo vya koti. Mke wangu akamfunga, kimoja kimoja, kama mtoto anayepelekwa shule. Wakapanda mlima kwa miguu, wameshikana mikono. Hakuna aliyegeuka nyuma.

Nilijisikia vibaya. Nasema kweli, vibaya sana. Kisha nikakumbuka kwamba gari limepungua uzito wa watu wawili, nikaona bado nina nafasi.

Jumapili, tarehe 18 Januari

Nimenyolewa bila maji.

Pampu ilijaza, ikajaza, ikajaza. Mhudumu akapiga mluzi. Ilibidi tulikokote gari mpaka kwa fundi wa magari, na sote tukasimama pale, mama mkwe amejifunga blanketi, huku fundi akivuta mahameli yangu kutoka kwenye yale matundu. Ikatoka. Ikazidi kutoka. Akauliza kama humo ndani kuna harusi.

Akaeleza kwamba betri inapofanya kazi inapata moto yenyewe, hata wakati wa baridi, na yale matundu ndiyo pua yake. Nyuzi za mahameli zimejisokota kwenye feni. Betri ilikosa hewa, ikachemka, ikaacha kusaidia, mzigo wote ukaangukia petroli. Alicheka mpaka akakalia tairi. Taratibu hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote! Angecheka, ningekuwa na haki ya kumpiga ngumi. Yeye akaniwekea mkono begani, kwa upole, kama anavyokanyaga mafuta.

Mama mkwe akampa ufunguo. Mimi hakunigombeza. Akasema tu kwamba mimi ni mchapakazi, na kwamba siku moja nijaribu kutulia nione kutatokea nini. Sijui alimaanisha nini. Imenikera.

Nyumbani mke wangu aliosha sahani zote kwanza. Kisha akasema kwamba jana, kule juu, mama yake alimuuliza kama na nyumbani kwetu anaishi kwenye baridi vile. Nikamwambia nyumba yetu ndiyo iliyozibwa vizuri kuliko zote mtaani. Akasema mama hakuuliza habari za madirisha. Akaenda kulala.

Jumatatu, tarehe 19 Januari

Sijafungua duka. Nimewachukia watu wote kwa zamu: Taratibu, fundi, mhudumu wa pampu na mluzi wake. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema. Aliyesema hivyo bila shaka alikuwa ameshinda.

Zahanati wamepiga simu. Wanataka vipimo vya wodi kesho asubuhi, la sivyo watamwita fundi mwingine. Nimesema nitafika. Kwa nini nimesema nitafika?

Jumanne, tarehe 20 Januari

Asubuhi honi mlangoni. Taratibu! Nikatoka na matusi yangu tayari, nimeyapanga kwa ukubwa. Yeye ameshalaza viti vya nyuma, ametandika shuka, na ananiomba nilete fimbo. Mke wangu alimwambia habari za zahanati. Akasema amebadilisha saa zake ofisini, kila Jumanne na kila Alhamisi atanipeleka mpaka mapazia yaishe, na njiani ataunganisha na safari zake, kwa hiyo hata mafuta hayatapotea.

Matusi nikayaacha mlangoni, nikaleta fimbo. Nikaingia. Kiti kilikuwa na moto. Machozi yakanitoka, nikasingizia baridi, naye akasema kwa sauti ya chini kwamba humu ndani hakuna baridi. Kazi nimepata, wodi zote, na nimeanza kupima leo leo.

Kurudi, mke wangu akamkaribisha chai. Kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita akanitazama usoni. Nikajiona mtu.

Basi, hasira zimeisha. Nimemsamehe Taratibu kabisa. Na mtu akikutendea wema wa namna hii, nawe umtendee. Nimefikiri sana nimpe nini, na nimepata. Kosa langu nimeliona! Halikuwa kuziba. Kosa lilikuwa mahameli. Mahameli inatoa nyuzi, fundi mwenyewe kasema. Pamba nzito haitoi hata uzi mmoja. Nimekata kipande kizuri cha bluu, rangi ya viti vyake, kimepindwa mara mbili, kinaenea kwenye yale matundu sawasawa bila kuacha upenyo. Sijamwambia, zawadi ni kushtukiza. Akija kunywa chai hafungi milango ya gari. Alhamisi mke wangu atamwandalia kikombe, nami nitaomba radhi, nitatoka nje kidogo.