Redio Yangu Inachungulia kwa Jirani

Kibokoni, Mombasa
20 Februari 1965

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaikum, na kama wewe si wa salamu hiyo basi pokea ile uipendayo. Natumai u mzima pamoja na wote wanaopanga herufi za gazeti lako. Mimi si mzima. Mwili upo, namshukuru Mungu, lakini roho yangu imetobolewa kama redio yangu, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, mimi mshona kanzu ambaye kazi yangu ni sindano.

Redio yenyewe ni ile kubwa ya sanduku la mbao, inakaa chumba cha mbele karibu na baraza. Kila jioni jirani yangu Bwana Abdulghafur, tuliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani tangu hatujaota meno ya pili, huvuka kichochoro akaja barazani kwangu tukanywa kahawa na kusikiliza habari. Abdulghafur huijibu redio. Akitajwa waziri, humpa shauri. Ikitajwa mvua, huiuliza siku zote ilikuwa wapi. Sasa hanisemezi. Anakaa baraza yake ng'ambo ya kichochoro akinipa mgongo, na mgongo wenyewe ni mpana. Sababu ni matundu, Bwana Mhariri, nami naomba uyapokee moja moja.

1. Joto la kaskazi liliingia redioni. Zile taa za kioo za ndani zilichemka mpaka nyumba ikanuka kama mtu anakaanga viatu. Nikamwita shemeji yangu Jaffar, ndugu wa mke wangu Mwanaesha, nikamwomba atoboe vitundu viwili vya pumzi. Jaffar ni mchonga milango, na babake mchonga milango. Kumbe kwa watu hawa hakuna tundu, kuna dirisha. Akaja na keekee, msumeno na patasi, na niliporudi msikitini adhuhuri nikakuta ubavuni mwa redio dirisha la upinde, lina nakshi ya maua, mbawa mbili za kufunga na kufungua, na komeo la shaba. Pumzi ilipita, sikatai. Lakini dirisha lile lilielekea dirisha la Bwana Abdulghafur, uso kwa uso.

2. Jioni ile Abdulghafur hakuja. Alituma maneno kwamba ana mke na mabinti nyumbani, na kwamba redio ilipokuwa kipofu hakuwa na neno nayo, lakini sasa ina jicho. Yule bwana anayesoma habari, alisema, anatazama mpaka ukumbini kwake, na hata hodi hapigi. Nilicheka. Haki ya Mungu nilicheka. Kisha saa ya habari ilipofika nikaenda kusimama kichochoroni nikatazama. Mle ndani mwanga uliwaka, na sauti ya mwanamume mzima ikatoka dirishani bila wasiwasi wowote. Niliona haya kwa niaba yake.

3. Nikamwamuru Jaffar alizibe. Lo! Aliniangalia kana kwamba nimemwambia azibe mdomo wa mtoto. Akasema dirisha lenye nakshi halizibwi, dawa yake ni kufungua jingine upande wa pili ili msomaji apate pa kugeukia. Akafungua. Upande wa pili ni mlango wa chumba chetu cha kulala. Sasa Mwanaesha hapiti mbele ya redio bila buibui, na habari zikianza hujifungia chumbani mpaka zimalizike, chakula kikiwa mekoni. Chakula changu hufuata hali ya dunia. Wakikutana wakubwa wa mataifa, mimi nalala njaa.

4. Baraza imepasuka. Wanaokaa kushoto husikia sauti nene, wanaokaa kulia husikia nyembamba. Bwana Barnabas Kioko, karani wa reli na mtu mpole kabisa, hukaa kulia. Juzi alishikilia kwamba aliyesoma habari ni kijana. Wa kushoto wakaapa ni mzee. Wakahamia kwenye habari zenyewe: wa kushoto wakaziamini kwa kuwa mzee mzima hawezi kusema uongo, wa kulia wakataka zithibitishwe. Mpaka leo wako wanaosema mvua imenyesha Voi na wako wanaosema haijanyesha, na redio ni moja.

Nimeruka la paka, nalirudisha hapa wala siliwekei nambari. Jaffar alifungua na tundu juu, akaliita la mwangaza. Paka wa mtaa akaona pana vuguvugu, akalilalia kwa tumbo lake lote. Joto likarudi palepale lilipokuwa.

5. Kwa kuwa joto lilirudi, Jaffar akakata mlango mbele. Mlango kamili, Bwana Mhariri, una kizingiti na misumari ya shaba! Wageni wanapiga hodi kwa redio kabla ya kunisalimu mimi. Mama mkwe ameuliza kama tumepangisha. Sanduku limebaki matundu kuliko mbao, na mtu akipiga chafya linayumba.

Kwa hivyo naomba gazeti lako liwatake wasomaji wa habari wainamishe macho wasomapo, hasa sauti zao zikifika Kibokoni. Hilo likiwa gumu, basi wapige hodi na kungoja kukaribishwa ndipo waseme. Na hilo nalo likishindikana, habari zisomwe na bibi mtu mzima mwenye tasbihi, ambaye hata akichungulia hapana neno. Tena wachonga milango wakatazwe kukaribia kitu chochote chenye waya. Nasikia Jaffar ameitwa Kizingo kutazama friji.

Mimi kwa upande wangu nimekwisha kupigilia mbao kila dirisha, kwa mkono wangu. Abdulghafur bado amenipa mgongo. Hilo ndilo linaloniuma, mengine ni maneno tu. Jana nilibandika sikio kwenye redio nikasikia mvua imetajwa, nikageuka nimsikie anaiuliza ilikuwa wapi, nikakuta mto wake wa kukalia hauna mtu. Nilikaribia kulia, mtu mzima na ndevu zangu.

Wasalimie wapiga chapa, wauza magazeti wote wa Feri, na yeyote nyumbani kwako anayeulizia hali yangu.

Ni mimi mwenye kutaabika,
Kamaludin, mshona kanzu

Nyongeza: Usiichape barua hii. Nilipokuwa nikilamba bahasha Abdulghafur amevuka kichochoro, amekuja kulalamikia mbao. Mkewe Mwanatumu alikuwa akisikiliza taarab kupitia dirisha lile, na tangu nilizibe nyumba yake haikaliki. Nikamwuliza, je, lile jicho? Akasema jicho halikumuudhi hata siku moja. Kilichomuudhi ni kwamba mtu hafungui dirisha kuelekea nyumba ya mwenziwe bila kumwendea kwanza kumtaka ruhusa, na mimi, wa chuo kimoja, sikumwendea. Ningemwendea angeniambia nilishushe kidogo, maana kamba yake ya nguo inazuia sauti. Nimemtaka radhi, kahawa imeletwa, mbao nimezing'oa. Kisha akaniambia jambo ambalo sijui nilifanye nini: redio anayo, iko chini ya kitanda tangu mwaka juzi, na hajapata kuiwasha kwa kuwa hakuna raha kuijibu redio peke yako. Kesho Jaffar, fundi hodari ambaye sijapata kumsema vibaya, ataikatia dirisha na hiyo, nami nimekwisha kutoa ruhusa. Litakabiliana na langu. Wasomaji wa habari watazamane wenyewe kwa wenyewe, na sisi tutakaa katikati tuwajibu.