Ndoo Sita kwenye Nafasi ya Kwanza

Jumatatu, 22 Julai

Daktari amesikiliza moyo wangu muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akauliza kama nimeweka mambo yangu sawa. Swali baya. Nina miaka themanini na mitano, nimefundisha historia miaka arobaini. Maswali ya namna hiyo nayaelewa.

Nilihesabu dhambi zangu ndani ya tramu. Nyingi ni za kila mtu. Moja ni yangu peke yangu, nayo inamhusu Zenon Pietrzyk wa ghorofa ya pili.

Jambo jingine. Jumamosi ni fainali ya dunia ya timu, pikipiki zisizo na breki, hapa hapa mjini kwetu. Tiketi ziliisha Februari. Zenon anazo mbili, jukwaa lenye paa. Mkewe Halina hapendi kelele.

Nimeamua. Nitatubu, nitalia kidogo, nitapata tiketi. Kupanda ngazi mara moja tu.

Jumanne, 23 Julai

Nimeanza na Padri Dobrosław, ili nifike kwa Zenon nikiwa msafi. Nikamweleza yote. Mwaka 1969 nilikuwa mwalimu asubuhi na mtunza uwanja wa klabu ya pikipiki jioni. Zenon alikuwa dereva wetu bora. Alinicheka mbele ya mafundi kwamba nasawazisha mchanga kama ninayesahihisha madaftari. Zilipokuja mbio za kuchagua timu ya taifa, nikamwaga ndoo sita za maji mahali ambapo angeanzia, ili gurudumu lake lizame.

Padri akainamisha kichwa. Nikadhani anasali. Akauliza ni nafasi ya kuanzia ya kwanza au ya nne. Nikasema ya kwanza, ya ndani. Akapiga mluzi! Ndani ya kitubio!

Ondoleo la dhambi hakunipa. Alisema nikamwambie Zenon kwanza, kwa mdomo wangu, ndipo nirudi. Akaongeza nisichelewe, maana sura yangu haimpendezi.

Jumatano, 24 Julai

Ngazi thelathini na nne. Nilipumzika mara tatu. Halina alinipa chai na keki ya jibini. Nikasema.

Zenon hakukasirika nilipotarajia. Jezi ya taifa, yenye ndege tai kifuani, aliikosa kwa sababu yangu, na hilo alilisikiliza kama taarifa ya hali ya hewa. Kisha akauliza ndoo zilikuwa ngapi. Sita, nikasema. Akauliza jua lilikuwaje. Kali, nikasema, na hapo ndipo hesabu yangu ilipoharibika. Jua lilikausha nusu ya maji, mchanga ukashika gurudumu vizuri kuliko siku yoyote. Akachomoka kama risasi. Akafika kwenye kona kwa mwendo ambao hakuwahi kuwa nao, akaingia kwenye ukuta wa mbao. Mguu vipande viwili.

Zenon akaweka kikombe chini. Akasema polepole, "Mwalimu, ule mwanzo wa mbio nimewasimulia watu miaka hamsini na mitano. Nilidhani ni mimi."

Nilitazama keki.

Halina akaweka birika mezani. Mwaka ule yeye alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa, alikolazwa Zenon. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maua, miezi minane. Mimi ndiye niliyekwenda kumwona Zenon, kwa dhamiri mbaya na chupa ya juisi ya cheri, nikawatambulisha. Halina akasema, "Kumbe ni ndoo zako zilizoniletea huyu mwanamume! Miaka yote hii nimekuwa nikitafuta wa kumlaumu."

Alicheka peke yake. Zenon aliingia chumbani, akafunga mlango. Habari ya tiketi sikuigusa.

Alhamisi, 25 Julai

Zenon hanisalimii. Amepita chini ya dirisha langu na mkate, akatazama ng'ambo. Moyo unagonga ovyo. Ningekufa leo ningekufa bila msamaha na bila tiketi.

Ijumaa, 26 Julai

Zenon amebisha mlango mwenyewe. Hakuingia. Alisema amefikiri. Alisema ndoo ni ndoo, lakini mkono ulioongeza mwendo ulikuwa wake. Nikakubali haraka sana. Akasema, "Nimekusamehe, mzee mbaya wewe. Na kesho uvae koti, sitaki unifie jukwaani, nitakosa mbio za mwisho."

Akanipa tiketi! Nikaenda moja kwa moja kwa Padri, nikapata ondoleo. Roho nyeupe. Nimelala mchana kwa saa mbili nzima kama mtoto.

Jumamosi, 27 Julai

Timu nne: sisi, Wadenmark, Waingereza, Waaustralia. Mchanga ulikuwa mkavu mno. Hakuna aliyeniuliza.

Kabla ya mbio Zenon aliwasimulia majirani wa jukwaani ule mwanzo wake wa 1969. Ndoo hakuzitaja. Watu wanane wakampigia makofi, mmoja akamnunulia soseji. Na mimi, niliyeutengeneza mchanga ule, nikashikilia haradali yake.

Zenon hujaza alama zote kwenye kijitabu cha mashindano, kama sisi sote hapa, lakini yeye kwa wino, na tangu ujana hajawahi kufuta tarakimu. Kabla ya raundi ya kumi na nne alibanwa na haja. Akaniachia kijitabu na kalamu. Mdenmark akamaliza wa pili, Mwaustralia wa tatu.

Nikaandika kinyume.

Mwishoni jumla zake zilipingana na ubao wa matokeo. Alisimama, akawapigia kelele waamuzi kwamba hawajui kuhesabu. Jukwaa zima likamuunga mkono. Tulimaliza wa pili, lakini hilo hakulisikia.

Jumapili, 28 Julai

Zenon anaandika barua ya malalamiko, rasimu ya tatu. Hali chakula. Supu yake ya kuku nimekunywa mimi, Halina alisisitiza.

Alama moja huku, alama moja kule. Hiyo si dhambi, ni hesabu. Lakini moyo umegonga vibaya kwenye ngazi, na Padri Dobrosław nikimwambia atanirudisha kwa Zenon, ngazi thelathini na nne, nikaseme kwa mdomo wangu.

Zenon ana tiketi mbili za ligi Jumapili ijayo. Amekwisha kuniahidi moja.

Kwa hiyo nitatubu Jumatatu inayofuata. Mungu anivumilie siku nane.