Sentimita Nne za Kofia

Jumatatu, 8 Machi 1954

Nimekwisha! Paa langu liko chini mno. Sentimita nne nzima! Na Mkurugenzi hapandi gari bila kofia, hata gari la mbao la majaribio. Ijumaa atakaa kwenye langu, kisha kwenye la Knapp, mchoraji mwenzangu. Paa litakaloshinda ndilo la gari letu jipya la kifahari. Mchoraji atakayeshindwa anahamia idara ya malori. Malori! Mimi, Eugen Pfleiderer, miaka kumi na tisa nashika penseli!

Knapp kapita hapa anatafuna mkate wa chumvi. Kaniuliza eti lile paa nimewachorea watu au soseji. Mshenzi.

Jumatano, 10 Machi

Nimepata! Paa halipandi, basi kiti kishuke. Nimempelekea Bi Waltraud, fundi wa viti, keki ya tufaha, nikamwomba alegeze springi. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mwanangu wewe, utakuja kulia. Lakini kalegeza. Nimejaribu na kofia ya marehemu baba. Inapita!

Ijumaa, 12 Machi

Aibu gani hii! Mkurugenzi kaingia. Kofia haikugusa popote. Nikamkonyeza Knapp. Mara Mkurugenzi akaanza kuzama. Akazidi kuzama. Magoti yakakaribia masikio. Tukasubiri atoke. Hatoki! Knapp akauliza kwa sauti kama akalete winchi huko kwenye malori. Tukaenda kumvuta, huyu mkono huu, yule mkono ule. Kumbe kasinzia!

Akafumbua macho. Akauliza kiti hiki kazi ya nani. Nikamtaja Bi Waltraud haraka. Bi Waltraud akanitaja mimi. Mkurugenzi akasema tangu vita viishe hajakaa mahali mgongo wake ukanyamaza. Kisha akajaribu gari la Knapp, akaamua: paa ni la Knapp, kiti ni changu. Hakuna anayekwenda kwenye malori.

Nimepona! Nimepona jamani! Nimejifungia chooni robo saa nzima, nacheka peke yangu.

Jumamosi, 13 Machi

Nimeapa: hila basi. Bi Waltraud kaniambia nimshukuru Mungu, nitulie. Nikatulia kweli, mpaka saa nne asubuhi. Saa nne nikasikia Knapp kapewa achore na kisahani cha majivu ya sigara. Mkurugenzi atakijaribu mwenyewe Jumanne. Yaani paa lake, na kisahani pia chake? Thubutu!

Nimeshanunua gundi.