Kitambaa Kilichokataa Moto

Kunjueni mikeka, enyi watu wa Ilala na Kariakoo, zimeni redio, muisikie habari ya Ridhiwani mwana wa Abubakary, bwana wa ndege, aliyeingia Mtaa wa Uhuru saa nne ya asubuhi na kiberiti mfukoni, akatoka na ushindi kwapani.

Ndege yake ilikuwa kuukuu, ya viti viwili, iliyoundwa kabla yeye hajaota jino. Mkewe Zulekha hajapata kuipanda, kwa kuwa kiti cha abiria kilichanika na springi zake humchoma kila akaaye. Mwishowe bibi huyo akatoa neno: akipata kiti cha heshima, Jumamosi atapanda, asipokipata, asitajiwe tena ndege mpaka anaingia kaburini.

Sasa, sheria humruhusu mwenye ndege kubadili tairi, kumwaga oili na kuvisha viti kitambaa kipya kwa mkono wake mwenyewe. Injini na mabawa, hayo ni ya fundi mwenye leseni. Lakini kitambaa, sharti kisishike moto, na mhandisi Candida, mlinzi wa sheria hizo, angekikagua Ijumaa.

Basi shujaa akasimama mbele ya Abbasi, sultani wa majora, akaomba kitambaa cha kujaribu kwa moto. Abbasi akafurahi, kwani Kariakoo nzima hujaribu pamba kwa kiberiti: ikiungua safi, majivu yakawa laini kama poda, hiyo ndiyo pamba. Akachomoa uzi wa drili, kitambaa kizito cha pamba, akauwasha.

"Umeona, mzee wangu? Unaungua mpaka raha."

"Huo haufai," akasema Ridhiwani.

Ikaletwa kanvasi, ikawaka. Kikaletwa kitani, kikawaka. Ikaletwa nailoni, ikadondosha machozi meusi. Majirani wakajaa, wakisifu kila ulimi wa moto, na shujaa akazidi kunyong'onyea, akiiona Jumamosi yake ikiteketea uzi kwa uzi.

"Enyi mabwana wa majora," akanguruma, "natafuta kitambaa kinachokataa kuungua. Nataka kumkalisha mke wangu juu yake, huko hewani."

"Mzee," akasema Abbasi kwa upole, "kama umemchoka, si umrudishe kwao tu?"

Mtaa ukacheka mpaka ukakaa chini. Ridhiwani hakucheka. Jicho lake lilikuwa limetua chini ya Abbasi, kwenye jora la sufu la kijivu, zito, lililotoka nchi za baridi, ambalo kwa joto hili hakuna aliyelitaka, likageuka kigoda.

"Inuka, mwanangu."

Abbasi akaona haya, akanong'ona kwamba hilo halina sifa, hata kuungua haliwezi. Akainuka hata hivyo. Uzi ukaguswa na moto, ukajikunja, ukanuka kama nywele saluni, ukazimika. Ukawashwa tena, ukazimika. Ridhiwani akalikumbatia jora kama mtu aliyepokewa na wakwe.

Usiku kucha akashona. Ijumaa Candida akachoma kipande, kikazimika, akatia sahihi. Jumamosi Zulekha akaja amejifukiza udi, akakaa, akajigeuza huku, akajigeuza kule, na mumewe akasahau kupumua.

"Kinawasha, Baba Sitara," akasema.

Kisha akafunga mkanda.

Andikeni, enyi mtunzao tarehe za nchi: siku hiyo Zulekha aliruka juu ya Kariakoo yote, toka Mchikichini hata Posta, akijikuna kwa utulivu wa malkia.