Afisa wa Friji

Hivi wewe ushawahi kumuona mtu akaingia nyumba asiyoijua, akafungua friji la wenyewe, akachungulia, akachagua bawa la kuku, akalitafuna kasimama, na wenye nyumba wakamwambia ahsante? Hujaona. Basi Harub aliona. Aliona kwenye televisheni, katika mkahawa mmoja wa Ruwi, zama zile madishi yalipoingia na kila paa la Maskati likavaa kofia yake.

Ilikuwa filamu ya Kimarekani. Bwana mmoja mnene mwenye tai alikuwa akigonga milango ya watu waliotolewa jela kabla ya siku zao. Maandishi ya Kiarabu yaliyokuwa yakipita chini ya picha yalieleza kuwa huyo ni afisa wa serikali kuu, mwangalizi wa walioachiwa. Kazi yake kutazama wanalala wapi, wanakaa na nani, wanatoka saa ngapi. Anaingia bila ya kungoja karibu. Anafungua kabati, anafungua friji, na wenyewe wamejipanga ukutani, mikono nyuma, "naam bwana, naam bwana."

Harub aliweka sambusa yake chini.

"Yakhe," alimuuliza mwenye mkahawa, "sisi huku tuna afisa kama huyu?"

"Wa nini? Huku mtu akisamehewa anakwenda kwao, anachinjiwa mbuzi, khalas."

"Kwa hivyo kazi hii haina mtu?"

"Haina."

"Masikini," alisema Harub, kwa huruma kabisa, kama aliyeambiwa habari za yatima.

Huyu Harub tusimwite mwizi. Mwizi huchukua, Harub alikuwa akipewa. Alikuwa mtu wa makamo, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, kofia ya kushonwa kwa mkono, na mkoba mweusi wa ngozi ambao ndani yake mlikuwa na kopo la rangi ya viatu na nusu mkate. Katika kazi yake alikuwa na sheria moja tu, nayo hakuivunja hata siku moja: kitu unachokitaka usikitaje kwa mdomo wako. Kizungukezunguke, kiguseguse, kisikitikie, mpaka mwenyewe akutajie na akubembeleze ukichukue.

Na kitu alichokitaka alikuwa keshakiona. Kilikuwa Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, katika ua wa Bi Khole: Benzi la rangi ya maziwa, la marehemu mumewe, limefunikwa shuka la maua na kufungwa kamba kama mgonjwa. Mwenye gereji mmoja kule Ghala alikuwa akilitamani kwa miaka, na ameshamwambia Harub alete siku yoyote, usiku au mchana, hataulizwa kitu.

Na nyumba ile, kwa bahati njema ya Harub, ilikuwa na mtu aliyesamehewa. Salem, mjukuu wa Bi Khole, aliwahi kwenda katika duka moja la magari akaomba kulijaribu gari jipya. Akapewa ufunguo. Akalijaribu mpaka Yiti, mbali kule pwani, huko akanunua samaki, akamchoma, akalala, akaamka, akanunua mwengine. Walipomkamata alikuwa bado analisifu. Alifungwa, akanyang'anywa leseni, na Idi ilipokuja akatoka pamoja na waliosamehewa.

Basi Jumapili moja adhuhuri, saa ambayo masufuria yanaepuliwa, Harub alipiga hodi.

"Mimi natoka Ufuatiliaji," alisema.

"Ufuatiliaji wa nini, mwanangu?" aliuliza Bi Khole, bibi mdogo wa umbo, miwani imefungwa uzi mweusi, buibui mabegani.

"Wa waliosamehewa. Msamaha, bibi, ni kama mtoto mchanga. Lazima apite mtu amtazame anaendeleaje."

Akaingia mpaka jikoni. Akafungua friji. Ah, friji lile! Rafu ya juu bakuli la mchuzi wa papa, pembeni mkate wa kumimina umefunikwa kawa, chini yake kuku wa kupaka, tende, halua ya Idi iliyobaki, na mlangoni chupa sita za achari nyekundu zilizosimama kama askari.

"Friji ndilo linalosema kweli," alisema Harub. "Ulimi wa mtu unaweza kuficha. Friji haliwezi." Akachukua bawa la kuku. "Hili nalichunguza."

Akalichunguza mpaka mfupani.

Salem alikuwa kasimama mlangoni, ndevu zake mpya zimemjaa kidevuni, anamkodolea macho afisa. Ghafla akaanza kukohoa, akajifunika uso kwa kilemba, mabega yakamtikisika. Huyu ananiogopa, alijisemea Harub, na moyo wake ukafurahi.

"Afisa, keti ule," alisema Ghaliya, binti yake Bi Khole. Mwanamke wa haja, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, kope zilizotiwa wanja. Alikuwa keshaachana na waume wawili, na sababu zote mbili zilikuwa zile chupa za mlangoni. Ghaliya alipanda pilipili mbuzi kwenye makopo ya samli, na achari yake hakuna aliyewahi kuimaliza sahanini. Mume wa kwanza alilia. Wa pili alikwenda hospitali.

Harub alitia kijiko kizima mdomoni. Masikio yakaziba. Jasho likamtoka mpaka kwenye kope. Lakini yule bwana wa filamu hakuonesha udhaifu hata mara moja, na Harub naye akameza, akafumba macho, akasema kwa sauti iliyobaki:

"Naomba tena."

Ghaliya alimtazama mamaake. Bi Khole alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Baada ya kunawa, Harub alitoka uani, akapita karibu na lile shuka la maua, akatikisa kichwa.

"Na hili ni nini, bibi?"

"Gari la marehemu, Mungu amrehemu."

"Lo! Salem alifungwa kwa nini?"

"Kwa gari."

"Na mnamlaza nyumba moja na gari?" Akashika kichwa. "Bibi, mlevi unamlaza stoo kwenye mapipa ya mvinyo? Mimi sisemi kitu. Mimi nani? Lakini mkubwa wangu akisikia, mtoto anarudi ndani."

"Astaghfirullah! Tufanye nini basi?"

"Sijui, bibi. Kungekuwa na mtu muaminifu, ana mahala pa kulihifadhi, tuseme Ghala..." Akaiacha sentensi ining'inie.

Bi Khole alifikiri. "Tatizo, gari si langu peke yangu. Ni mali ya urithi. Shemeji yangu Bakhit ana fungu lake, naye yuko kwao, ndani huko milimani. Lazima aje."

"Atakuja lini?"

"Akimaliza kuvuna tende. We njoo tu, mwanangu, uendelee na ufuatiliaji wako."

Akaendelea. Kila adhuhuri afisa alikuwa mlangoni, na kila adhuhuri Ghaliya alikuwa na achari mpya: ya maembe, ya ndimu, ya kamba, ya kitu ambacho hakikutajwa jina. Harub alikula yote, macho mekundu, akisema tena, tena. Alikuwa analiona Benzi mbele yake kama njiwa mtegoni. Jioni alirudi chumbani kwake Ruwi akalala na barafu mdomoni.

Hatimaye Mzee Bakhit akaja: ndevu nyeupe, jambia kiunoni, bakora mkononi, na sura ya mtu asiyechekeshwa. Tofauti na wenyeji wake, yeye Afrika hakuwahi kuiona; Kiswahili chake chote kilikuwa "karibu" na "ondoka". Bi Khole akaalika na majirani wanne, wazee watupu, wakae sebuleni wawe mashahidi. Harub aliona mashahidi akafurahi zaidi. Mali ikitolewa mbele ya mashahidi hakuna wa kuidai.

Chakula kikaliwa. Ghaliya siku ile alikuwa kaitia nafsi yake yote kwenye achari. Harub hakuhisi tena ulimi wake kama ni wake.

Kisha Salem akaja na dele la kahawa mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, akammiminia mgeni kwanza. Kahawa ilikuwa inafuka moshi. Harub aliitazama, akahisi midomo inavyomuwaka, akaona akiigusa atapiga kelele mbele ya wazee. Akakiweka kikombe chini, juu ya mkeka, ipoe.

Wazee wote wakakikodolea macho kikombe.

Sasa hapa tuelezane. Harub alikulia Malindi ya Unguja, na pale mtu akiweka kahawa chini maana yake imemchoma. Lakini kwa watu wa ndani huko kwa akina Bakhit, mgeni akiiweka kahawa bila ya kuionja, ana haja. Hatakunywa mpaka apewe. Na mwenye nyumba akishasema umepewa, na mgeni akanywa, jambo limekwisha. Wa kulirudisha nyuma hajazaliwa. Na haja inayoletwa namna hii, mbele ya wazee, na mwanamume asiye na mke, mara nyingi huwa ni moja. Bi Khole, aliyeishi na mume wa huko miaka mingi, alilijua hilo kama alijualo jina lake.

"Kunywa kahawa yako," alisema Mzee Bakhit kwa Kiarabu.

"Nitakunywa, mzee. Bado kidogo."

Wazee wakatazamana. Bakhit akaikaza bakora. "Una haja?"

Moyo wa Harub ukaruka. Imekuja! Imekuja yenyewe kwa miguu yake! Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Mimi siwezi kuitaja, mzee. Bibi anaijua."

"Naijua," alisema Bi Khole haraka kutoka pembeni ya mlango. "Nimeijua zamani. Mtu haji nyumba moja kila siku kwa ajili ya friji."

Bakhit akageukia pazia la mlango wa ndani, akauliza jambo kwa sauti ya chini. Nyuma ya pazia sauti ya Ghaliya ikajibu bila ya kusitasita: "Nimeridhi, ami."

Harub hakushughulika na ya pazia. Gari lina warithi. Kila mrithi na aridhie.

"Kunywa," alisema Bakhit. "Umepewa."

Harub akainua kikombe, akafumba macho, akaimimina kahawa koo zima. Machozi yakamtoka. Vigelegele vikapasuka nyuma ya pazia mpaka kunguru wakaruka ukutani. Majirani wanne wakasimama, wakamkumbatia mmoja mmoja. Mzee Bakhit akamsugua pua kwa pua na kusema moja ya yale maneno mawili aliyoyajua: "Karibu."

"Karibu wapi?" aliuliza Harub. "Ufunguo uko wapi? Mbona vigelegele?"

"Ufunguo wa nini, mwanangu?" alisema Bi Khole. "Umeomba mke, umepewa. Sheikh yuko njiani."

Harub akaukumbatia mkoba wake. "Bibi, pana kosa! Mimi mtu wa serikali, sisi haturuhusiwi..."

"Usiwe na wasiwasi wa tabia," alisema Salem, akimjazia kahawa nyengine. "Mie ntakutolea ushahidi. Si tulikaa nyumba moja, kule jela? Wewe chumba cha chini, mie cha juu. Hunikumbuki kwa hizi ndevu. Mie ndiye uliyeniuzia mahala pa kulala chini ya feni."

Harub akazikodolea macho zile ndevu.

"Feni lenyewe," aliongeza Salem, "halikuwa likizunguka."

"Mlikuwa mnajua siku zote?"

"Tangu lile bawa la kuku," alisema Bi Khole. "Sasa sikiliza. Mlango ule unakwenda kituo cha polisi. Huu hapa unaingia sheikh. Chagua, sikulazimishi."

Harub aliutazama mlango wa kwanza. Akautazama wa pili. Akamtazama Mzee Bakhit na bakora yake.

"Sheikh yuko umbali gani?" aliuliza.

Wakaoana. Na Benzi likavuliwa shuka la maua, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu mwenye leseni. Harub akawa dereva. Ufunguo ulikaa pembeni mwa kanga ya Bi Khole, umefungwa fundo; hutolewa kwa safari na kurudishwa kwa safari. Na kila Ijumaa asubuhi Salem hupiga hodi chumbani kwa maharusi, kilemba kimenyooka, mikono nyuma, akaenda moja kwa moja kwenye friji lao dogo, akalifungua.

"Naam, bwana," husema Harub kwa unyonge, kasimama ukutani.

Ijumaa moja Bi Khole alitamani samaki wa kuchoma, wakaenda Yiti wote. Harub usukani, Ghaliya kando yake na chupa ya achari mapajani, bibi nyuma na Salem, ambaye alikuwa akiwaonesha kila pahala alipowahi kusimama na lile gari la kujaribu. Walipoteremka mlima wa mwisho na bahari ikafunguka chini yao, Ghaliya akamtia mumewe kipande cha embe mdomoni, akasema:

"Hebu nambie kweli, Harub. Siku ile ulipoweka kikombe chini, ulikuja kuomba nini hasa?"

Harub alitafuna. Jasho likamtoka, kope zikamlowa. Alishika usukani wa Benzi kwa mikono miwili, akautazama, kisha kwa mara ya kwanza maishani mwake akavunja sheria yake.

"Gari," alisema. "Nlikuwa nataka gari tu."