Matofali ya Tumbo la Mashine

Jumatatu, 7 Agosti 1911

Matofali ya Ulaya yamekufa maji. Gari la ng'ombe lililoyabeba kutoka Moshi limepinduka mtoni Kikafu, na yaliyookolewa yamevunjika kama mkate mkavu. Bwana Hennig, mwenye kiwanda hiki cha mbao juu ya Mto Usa, ametukusanya barazani kwake. Amesema bila matofali yasiyoshindwa na moto hawezi kuwasha mashine yake ya mvuke, maana moto utakula chuma. Mengine yatafika baada ya miezi mitano, na yeye hawezi kutulisha miezi mitano. Tutapelekwa wote kwenye shamba la mkonge la rafiki yake huko bondeni, watu thelathini na wanane.

Mimi ni karani. Mikono yangu na mkonge haijuani.

Athumani, fundi mwashi aliyetoka Pangani, akaanza kusafisha koo ili aseme kitu. Mtu huyu akisafisha koo, watu wote hunyamaza kumsikiliza. Hilo huniudhi sana. Basi nikasema mimi kwanza. Nikasema ninakijua kitu kinachostahimili moto, na ndani ya wiki mbili kitakuwa tumboni mwa mashine. Bwana akauliza nikishindwa itakuwaje. Nikajibu kwamba nitaweka kalamu chini na kubeba magogo. Sijui nani alisema maneno hayo kwa mdomo wangu.

Bwana amekubali. Mimi nitachagua cha kujengea, Athumani atajenga. Yaani Athumani yuko chini yangu. Nimefurahi hata nimesahau kwamba sijui chochote.

Jumatano, 9 Agosti

Nimefikiri siku nzima ya jana na nimepata jibu. Mlima Meru ulitoka motoni. Walitufundisha hivyo misheni. Basi jiwe lake limekwisha kuungua zamani, halina la kuogopa tena. Nikapeleka watu sita mtoni, wakatoa mawe meusi mazuri, ya mviringo. Athumani akasema jiwe lililokaa majini lina maji ndani. Nikamwambia jiwe si tikiti.

Tukayapanga kwenye tanuru dogo la kujaribia. Koikai akawasha. Huyu Koikai ndiye mchochea moto wetu, Mwarusha mwenye mabega mapana, asiyefanya haraka kwa jambo lolote.

Jiwe la kwanza likalia kama bunduki. La pili likatoboa chungu cha uji wa watu. La tatu likapita kwenye paa la stoo ya vyombo. Bwana akatoka mbio na bunduki ya kweli, akidhani tumevamiwa. Hakuna aliyeumia, kwa sababu kila mtu alikuwa kwenye foleni ya chakula upande wa pili, na Koikai alikuwa ameenda kunusa ugoro. Nimemshukuru Mungu, kisha nikaushukuru ugoro.

Koikai aliporudi alilitazama tundu la paa kwa muda mrefu.

"Karani," akasema, "hilo jiwe lilikuwa linakwenda wapi?"

Jumamosi, 12 Agosti

Kosa langu lilikuwa rangi. Matofali ya Ulaya yalikuwa meupe, mimi nikachukua mawe meusi. Weupe ndio dawa. Leo nimeondoka alfajiri na punda wanne mpaka Momela, kwenye maziwa yale ya ndege heroe. Ukingo wote ni mweupe, kama umepakwa chokaa. Tumejaza magunia manane. Miguu yangu imevimba lakini moyo umetulia.

Athumani alionja unga ule kwa ncha ya ulimi. Akasema ni magadi, mkewe Zamda hutia kwenye maharage yaive upesi. Nikamwambia sisi hatupiki maharage. Hakujibu. Hunyamaza hivyo makusudi, ili nionekane mimi ndiye mpiga kelele.

Jumanne, 15 Agosti

Nilichanganya unga wa Momela na udongo mwekundu, tukafyatua matofali kumi, leo tukayachoma. Asubuhi yalisimama vizuri. Adhuhuri yakaanza kuinama, kama wazee kanisani. Alasiri yakatiririka. Kilichobaki chini ya tanuru ni kitu cha kijani, kinachong'aa kama chupa.

Bahati yangu, Bwana alikuwa ameenda bomani Arusha na hakuona. Koikai amekwangua vipande na kuwapelekea binti zake. Amesema ni shanga nzuri, niendelee hivyo hivyo.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimemgundua Athumani. Kila jioni hupita nyuma ya nyumba yake na ndoo iliyofunikwa gunia. Mtu mwenye siri tu ndiye hufunika ndoo. Leo nimelala kifudifudi kwenye migomba na kumwona kwa macho yangu akikanda: udongo, majivu, samadi ya ng'ombe, nyasi zilizokatwakatwa. Nimeandika vipimo vyote. Siafu waliniingia mguu wa suruali na sikupiga kelele. Hicho ndicho kipaji changu, uvumilivu.

Kesho nafyatua matofali yangu. Bwana nimeshamwambia kwamba Jumatatu mashine itawashwa.

Jumamosi, 19 Agosti

Leo jua lilikuwa kali, matofali themanini yamekauka upesi. Athumani ameyapanga tumboni mwa mashine kama nilivyomwamuru. Aliuliza kama nina hakika. Nikasema hakika ninayo tangu Alhamisi.

Saa kumi Zamda akapita na kapu lake. Nikamwuliza habari za nyumbani. Akasema nzuri, isipokuwa mumewe kila jioni amechafuka matope, anamkandikia banda la kuku. Zamda alimwomba tangu mwaka jana, naye hufunika ndoo kwa sababu kuku huparua udongo kabla haujafika ukutani.

Nimeweka banda la kuku ndani ya mashine ya mvuke.

Nilitaka kunyamaza, nakiri hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliwaza labda litashika siku moja, labda lawama itamwangukia fundi aliyejenga. Kisha nikamwona Koikai akifagia mahali atakaposimama Jumatatu, mbele kabisa ya mlango wa moto. Alifagia taratibu, akaokota hata vijiti, kama mtu anayeandaa pa kuketi na wageni. Nikamwendea nikamwambia asiwashe. Nikamweleza yote, pamoja na kuku.

Hakushtuka. Aliuliza swali moja tu: "Umefika kwa mhunzi?"

Sikuwa nimefika. Haikuwahi kunijia akilini kwamba kuna mtu anayeishi na moto kila siku.

Jumapili, 20 Agosti

Baada ya ibada tumepanda mlimani kwa mzee Sumari, mhunzi wa Kimeru. Koikai alimwita Athumani pia. Sikuwa na nguvu ya kukataa. Nikasema shikamoo kwa sauti ya chini kuliko kawaida yangu. Mzee akaitikia marahaba bila kuacha kupiga jembe lake.

Mivuo yake ya kupulizia moto ina mdomo wa udongo, nao unakaa katikati ya makaa pale ambapo chuma kinageuka cheupe. Nikauliza mdomo huo una umri gani. Akasema aliufinyanga kabla Wadachi hawajajenga boma. Nikamsihi anipe siri. Akanitazama kama mtu aliyeombwa siri ya kuchota maji.

"Siri gani? Udongo wa kichuguu," akasema. "Twanga vigae vya vyungu vya zamani, changanya, kanda mpaka mikono iume. Kausha kivulini, si juani. Ukichoka kungoja, ngoja tena. Halafu uchome kwa moto mdogo kwanza."

Akaeleza kwamba vigae vimekwisha kuungua mara moja, kwa hiyo havishtuki, na huushikilia udongo usipasuke. Kichuguu nacho, mchwa wamekwisha kukichambua vizuri kuliko mtu yeyote. Athumani alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Nikamwuliza kama alikuwa anajua. Akasema babu yake alikuwa mfua chuma, na ndilo alilotaka kusema kule barazani siku ile ya kwanza.

Njia nzima ya kurudi sikupata neno la kusema. Watu hawajazoea. Koikai aliniuliza mara mbili kama naumwa.

Jumatatu, 21 Agosti

Bwana alikuja saa moja asubuhi kuona moto. Nikamwambia matofali yanahitaji kupumzika. Akachoma tofali moja kwa fimbo yake. Likabomoka, nyasi zikachungulia. Akainua fimbo kuelekea rundo la magogo na kuniangalia. Nilikuwa nimeanza kukunja mikono ya shati.

Hapo Athumani akasafisha koo. Akasema karani ndiye aliyezuia moto usiwashwe, maana mchochea moto angeungua, na kwamba sasa udongo wa kweli umepatikana, unataka wiki tatu. Kila neno lilikuwa la kweli. Bwana akafikiri. Akatoa wiki tatu na siku mbili.

Nimepumua mpaka kifungo cha shati kimekatika. Kinachoniuma ni kwamba ameniokoa Athumani.

Jumatano, 13 Septemba

Imewaka.

Tumebomoa vichuguu kumi na moja. Wanawake wa pande zote wametuletea vigae. Mzee Sumari alishuka mwenyewe mara tatu, akayapapasa matofali kama mnunuzi wa ndama, na yale niliyoyasogeza juani kwa siri akayatupa bila kuuliza ni nani.

Leo Koikai aliwasha moto mdogo, akauacha ukue. Matofali yakawa mekundu, kisha ya rangi ya chungwa. Saa sita yalikuwa hayatazamiki, na hayakuinama, hayakutiririka, hayakulia. Msumeno ukazunguka. Gogo la kwanza likapasuliwa, harufu ya mbao mbichi ikajaa bonde. Watu wakaimba. Hakuna anayekwenda kwenye mkonge. Niliketi juu ya gogo, na machozi yakanitoka; nimewaambia ni vumbi la mbao.

Nimempa Athumani mkono na kumshukuru. Akasema siku nyingine nisikilize kwanza. Nimemwambia nimeelewa. Nimeelewa kabisa. Nimeandika hapa na kupiga mistari miwili chini yake.

Ijumaa, 15 Septemba

Leo Bwana ametuita barazani tena. Amesema kuna kazi anayotaka mtu anayeijua vizuri, akaitaja kwa Kidachi, neno refu linaloanza kama chafya. Athumani alikuwa bado anauliza maana yake nikasema ninaijua.

Bwana amefurahi sana. Amenishika bega, amesema nianze Jumatatu alfajiri, nije na kamba ndefu na viatu imara, na kama nina mke nimuage. Nadhani hilo la mwisho ni desturi yao.

Athumani amenitazama kuanzia viatuni hadi kichwani. Wivu, maskini. Nimerudi chumbani moyo mweupe. Mke sina, na viatu ninavyo.